Barua Iliyokunjuliwa Mbele za Bwana

Somo kwa walimu na kwa Wakristo wote. Someni kwanza 2 Wafalme 18:13 mpaka 19:37.

Ndugu wapenzi, ziko siku ambazo barua huletwa mlangoni petu, nasi twatamani isingalifika. Pengine ni habari ya msiba, pengine ni deni, pengine mwana aliye mbali ameingia taabuni. Tukiisha kuisoma, mikono yalegea, na maneno yake twayarudia moyoni usiku kucha. Mwezi huu twataka kujifunza kwa mfalme mmoja aliyeletewa barua ya kutisha kuliko hizo, tuone aliipeleka wapi.

Habari yenyewe

Mwaka 701 kabla ya kuzaliwa kwake Kristo, Senakeribu, mfalme wa Ashuru, aliipanda nchi ya Yuda akaitwaa miji yake yenye maboma. Yeye mwenyewe aliamuru habari za vita vile ziandikwe katika udongo uliochomwa, na maandiko hayo yangaliko hata leo. Humo ajisifu kwamba aliteka miji 46, na kwamba Hezekia alimfungia Yerusalemu mfano wa ndege katika tundu. Tena kutani mwa jumba lake huko Ninawi aliagiza zichongwe sanamu za kuanguka kwa mji wa Lakishi, na watu wake wakihamishwa pamoja na mizigo yao. Mawe hayo yalichimbuliwa katika karne ya 19, nayo yamewekwa London. Basi hatari ile haikuwa hadithi ya kutungwa.

Lakini tusimfanye Hezekia kuwa malaika. Kwanza alijaribu kuinunua amani. Alitoa talanta 300 za fedha na talanta 30 za dhahabu, hata akabandua dhahabu ya milango ya hekalu. Senakeribu akaipokea mali, na jeshi akalituma vile vile. Je, sisi hatufanyi hivyo? Taabu ikitujia, twamkimbilia mwenye ramli, au twamwangukia mkubwa fulani. Maombi twayaweka nyuma ya yote, kama mtu awekaye kuni mbichi, akizitumia tu kavu zikiisha.

Kisha amiri wa Ashuru akasimama karibu na mfereji wa birika la juu, akapaza sauti kwa Kiyahudi, ili watu walio ukutani wasikie. Akawaambia kwamba hakuna mungu wa taifa lolote aliyeiponya nchi yake, na kwamba Mungu wa Hezekia hatawaponya wao. Watu wakanyamaza, wala hawakumjibu neno. Baadaye barua ikaletwa yenye maneno yale yale. Hezekia akaisoma, akapanda nyumbani mwa Bwana, akaikunjua mbele zake.

Twajifunza nini?

La kwanza: Hezekia aliipeleka barua nzima. Mungu alikwisha kuyajua yaliyoandikwa, kwani kuomba si kumpasha Mungu habari. Kuomba ni kuutua mzigo mahali panapoweza kuuchukua. Wako Wakristo waombao kwa maneno mazuri juu ya mataifa yote, na lile deni, au ule ugomvi wa nyumbani, wakauacha umekunjwa mfukoni. Hilo tusilifanye.

La pili: tuangalie mpango wa maombi yake. Hakuanza na Senakeribu, alianza na Mungu aliyeziumba mbingu na nchi. Kisha akakiri kwamba ni kweli, wafalme wa Ashuru wameziharibu nchi nyingi. Imani haikanushi mambo yaliyo wazi. Ndipo akaomba wokovu, naye akataja sababu: falme zote za dunia zipate kumjua Bwana. Ndiyo njia Bwana wetu aliyotufundisha katika Baba Yetu: jina la Mungu latangulia, nasi twafika kuomba kuokolewa na mwovu tukiisha kukumbuka ni Baba wa namna gani tunayemwomba.

La tatu: kuomba si kukunja mikono. Hezekia alizijenga kuta zilizobomoka, akayaleta maji mjini kwa mfereji (2 Nyakati 32:5, 30). Mfereji ule uliochimbwa katika mwamba, wenye urefu wa mita 533 hivi, wapitisha maji hata sasa. Tena alituma watu kwa Isaya ili nabii naye aombe, kwa maana hata mfalme alihitaji maombi ya mwenzake. Basi tulime, tujenge, tuwapeleke wagonjwa hospitali, tuwaite ndugu waombe pamoja nasi. Ila tumaini letu lisikae katika kazi ya mikono yetu.

La nne ni gumu, wala hatutaki kulipita. Yerusalemu uliponywa. Biblia yatuambia kwamba usiku mmoja watu 185,000 walikufa katika kambi ya Ashuru, na Senakeribu akarudi kwao. Maandiko yake mwenyewe hayasemi popote kwamba aliingia Yerusalemu. Lakini Lakishi je? Bila shaka huko nako watu waliomba, nao wakachukuliwa. Hatujapewa kujua sababu. Twajua tu kwamba Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, akapewa neema badala ya kuondolewa. Na Mwana wa Mungu mwenyewe aliomba Gethsemane, akakinywa kikombe. Basi asiyeponywa asiambiwe kwamba imani yake ilipunguka. Nguvu za Mungu humtoa mmoja katika moto, na mwingine humshika ndani ya moto, na mkono ni ule ule.

Wazee wetu wa Tanganyika walilijua jambo hili. Mwaka 1920, baada ya vita, wamisionari Wajerumani walikuwa wameondolewa nchini. Na vita vya pili vilipokuja, tangu 1939, waliondolewa tena. Watu wengi walidhani usharika utakufa. Lakini walimu na wazee walizidi kupiga kengele, kufundisha watoto, kuzika wafu na kuomba. Kanisa halikufa, maana halikuwa limesimama juu ya watu wale.

Tumalizie kwa neno moja. Senakeribu aliuawa na wanawe mwaka 681, yaani miaka 20 baada ya Yerusalemu kuponywa. Mungu hana haraka, wala hasahau. Wewe uliye na barua leo, usilale nayo chini ya mto. Piga magoti, ikunjue.

Maswali ya kuwasaidia walimu

1. Kwa nini fedha ya Hezekia haikuleta amani?
2. Taja sehemu za maombi yake (2 Wafalme 19:15–19), uzilinganishe na Baba Yetu.
3. Kazi na maombi vyapatanaje?
4. Tumwambie nini ndugu aliyeomba, na taabu yake haikuondoka?
5. Ni barua gani usharika wetu wapaswa kuikunjua mbele za Bwana mwezi huu?