Kabla Hujafungua Tenki

Umetoka Dar alfajiri, umeingia Moshi jioni, mshale wa mafuta umelala. Kwenye sheli mhudumu atakuuliza petroli au dizeli, kisha ya shilingi ngapi. Swali la tatu uliza wewe, tena kabla hujafungua tenki: "Mashine ya kadi ipo, na inafanya kazi leo?" Hilo neno "leo" usiliache. Mashine inaweza kuwepo tangu mwaka juzi, lakini leo haina chaji, au mtandao unasumbua, au mwenye nayo ameifungia ofisini akaenda kula.

Ndugu zetu wanaorudi likizo kutoka Marekani na Ulaya ndio hupata shida zaidi. Kule wamezoea kuchomeka kadi kwenye pampu yenyewe na kujiwekea mafuta bila kusemezana na mtu. Sisi tunawekewa. Unabaki kwenye usukani, unasema "niwekee ya elfu hamsini" au "jaza fulu", na malipo ya kadi hupitia kimashine cha benki cha mkononi. Kadi yako isiondoke machoni. Kama mashine imefungwa waya ndani, shuka uifuate. Ikikuuliza ulipe kwa dola au kwa shilingi, chagua shilingi. Ukichagua dola, hesabu ya kubadilisha inafanywa hapo hapo kwa kiwango ambacho mara nyingi kinakuumiza kuliko cha benki yako.

Desemba moja niliweka ya elfu themanini kwenye sheli fulani pale mjini. Nikachanja kadi, nikabonyeza namba ya siri, mashine ikazunguka weee, mwisho ikatema karatasi: muamala umekataliwa. Papo hapo simu ikalia. Benki yangu inanijulisha kwamba elfu themanini imekatwa. Dada wa pampu ameshika karatasi yake, mimi nimeshika simu yangu, na nyuma yetu foleni inapiga honi. "Kaka, kwangu haijaingia," akasema, na kweli kwake haikuwa imeingia. Nikakusanya noti zote nilizokuwa nazo nikamlipa. Hela ilirudi kwenye akaunti baada ya siku kadhaa, kwa sababu niliitunza ile karatasi ya kukataliwa na kuipeleka benki. Tangu siku hiyo sichanji kadi kwenye sheli kama mfukoni sina taslimu ya kutosha kulipia mafuta hayo hayo. Na noti yetu kubwa kuliko zote ni ya elfu kumi, kwa hiyo tenki la lita 60, kwa bei iliyokuwa karibu na shilingi 3,000 kwa lita mwaka 2024 na 2025, ni kibunda cha noti kama kumi na nane. Zitoe ATM mchana, si usiku wa safari.

Wenyeji wengi siku hizi hulipa kwa simu. Tafuta bango la Lipa Namba kwenye nguzo ya pampu, ingia kwenye M-Pesa, Mixx au Airtel Money, andika namba na kiasi, na kabla ya kuweka namba ya siri soma jina linalotokea. Liwe la biashara. Mhudumu akikuambia umtumie kwenye namba yake binafsi, kataa kwa upole ulipe taslimu. Mgeni mwenye pasipoti anaweza kusajiliwa laini kwa alama za vidole kwenye duka la kampuni ya simu, na kwa safari ya zaidi ya siku tatu nne naona inafaa.

Dola na shilingi ya Kenya ziache kwenye pochi. Tangu Machi 28, 2025, kanuni zinakataza bidhaa na huduma za ndani kulipiwa kwa fedha za kigeni. Anayeingia kwa Taveta na Holili abadilishe fedha benki au kwenye duka la fedha kabla ya kutafuta mafuta.

Kuhusu bei, huna haja ya kuzunguka mji mzima. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa kila mji na wilaya, na sheli hairuhusiwi kuivuka, ingawa inaweza kuuza chini yake. Piga *152*00# uione ya Moshi. Bango la bei la sheli nalo linatakiwa lionekane barabarani. Kabla mhudumu hajaanza kuweka, hakikisha pampu inasoma sifuri. Akimaliza, dai risiti ya EFD hata kama umelipa kwa kadi. Karatasi ya kadi inaonyesha hela imetoka tu. Lita utaziona kwenye risiti.

Sasa mlimani. Moshi mjini iko kwenye mita mia nane na kitu. Lango la Marangu liko juu ya mita 1,800. Kwenye huo mpando gari linakunywa mafuta, hasa ukiwa umepakia shangazi, magunia na watoto. Ukienda Marangu, Mwika au Rombo, Himo ni mahali pazuri pa mwisho pa kujaza, na benki zipo. Mkuu nako utapata vyote viwili. Lakini ukichepuka kwenda Kibosho, Uru au vijiji vya juu vya Machame, usipange safari kwa kutegemea kadi. Huko ndani, katikati ya migomba, utakuta petroli kwenye chupa za maji mbele ya duka la Mangi, ya kuwauzia bodaboda. Haina risiti, bei ni ya mwenye duka, na hujui imekaa juani siku ngapi. Ni ya kukuokoa ukikwama, basi.

Krismasi ongeza tahadhari mara mbili. Wachaga wanarudi nyumbani "kuhesabiwa", kama utani unavyosema, Himo inajaa magari, na mashine za kadi zinazidiwa kama watu. Jaza tarehe 22, Moshi mjini, asubuhi.