Vali za Sailensa Ziwe Wazi, Injini Isidhoofike: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Mwenye Ferrari 360 Modena ana lalamiko moja la kudumu: gari linapaza sauti pale tu kompyuta inapotaka. Ukitembea taratibu mjini limenyamaza. Ukikanyaga mafuta mizunguko ikapanda, ndipo linapofungua koo. Kazi hiyo inafanywa na vali ndogo zilizowekwa kwenye sailensa. Zikifungwa, moshi unazungushwa kwenye vyumba vya ndani mpaka makali ya sauti yaishe. Zikifunguka, moshi unapita njia ya mkato hadi nje.

Wengi wanataka ziwe wazi muda wote, na mimi sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na namna wanavyozifungua, kisha wanarudi gereji wakidai gari limeisha nguvu kwa sababu ekzosi iko wazi. Vali iliyo wazi haili nguvu ya kutajika. Nguvu inaliwa na mpira uliochomolewa ukaachwa unavuta hewa, au waya uliokatwa na mtu asiyejua unakoelekea. Nitakayoyasema ni ya 360, ila kwa sehemu kubwa yanaihusu pia F430, V8 Vantage ya Aston Martin na Corvette Z06 ya 2006 hadi 2013, maana zote hutumia vakyumu kuzifunga vali hizi.

Taja vali unayoizungumzia. Injini ya 360 ina vali 40 kwenye silindahedi, tano kwa kila silinda: tatu za kuingiza hewa na mbili za kutoa moshi. Hizo 16 za kutoa moshi hazihusiki kabisa na habari hii. Vali ya silindahedi ikibaki wazi, mgandamizo unatoroka na silinda inakufa. Kwa hiyo ukimpigia fundi simu usimwambie "vali za ekzosi". Sema vali za sailensa, msielewane vibaya kwa gharama yako.

Usiamini kwamba injini inahitaji kubanwa pumzi. Hadithi hii ina umri mrefu na haitaki kufa. Hakuna injini inayofaidika kwa kusukuma moshi dhidi ya kizuizi. Inachokihitaji ni moshi kutoka kwa kasi kwenye mabomba yanayotoka moja kwa moja silindahedi, ili msukumo wa silinda moja uisaidie nyingine kujisafisha. Urefu na unene wa mabomba hayo ndio wenye uamuzi mkubwa. Sailensa iko nyuma kabisa, baada ya katalisti, na wakati moshi unafika huko mengi yameshaamuliwa. Ukifungua vali mizunguko ikiwa chini, torki inaweza kubadilika kidogo, kiasi ambacho makalio ya dereva hayawezi kukitambua.

Usitarajie nguvu mpya pia. 360 inatoa nguvu farasi 400 kwenye mizunguko 8,500 kwa dakika. Ukifika huko, kompyuta imeshazifungua vali zamani. Katika V8 Vantage zinafunguka karibu na mizunguko 4,000. Unachopata kwa kuziacha wazi ni sauti tu.

Elewa nani anafunga na nani anafungua. Hapa ndipo penye ufunguo wa kazi yote. Vali ina springi inayoivuta ikae wazi. Vakyumu inayotoka kwenye manifoldi ya kuingiza hewa ndiyo inayoishinda springi na kuifunga, na kati yao kuna solenoidi inayoamriwa na kompyuta. Ingia chini ya gari likiwa limezimwa na limepoa, umulike kopo dogo la bati lililoshika mkono wa vali. Mkono utakuwa umelegea upande wa wazi. Mwambie mwenzako awashe injini, wewe ukiwa umesimama nje, kisha chungulia kwa kioo: mkono unavutwa, sauti inashuka. Usipouona ukitembea, una tatizo jingine kabla hata hujaanza. Vali iliyokwama ikiwa imefungwa ndiyo inayoiba nguvu kwelikweli, tena kule juu ambako ulilipa pesa kuipata.

Usiuache mpira wazi. Kamwe. Hili ndilo kosa linalozaa malalamiko yote, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Mtu anasikia kwamba ukichomoa mpira wa vakyumu vali zinabaki wazi. Kweli. Anachomoa, anafurahia sauti, anaondoka. Mpira aliouchomoa una ncha mbili, na ile inayoelekea injini sasa inanyonya hewa ya nje. Hewa hiyo haikupita kwenye sensa inayopima hewa, kwa hiyo kompyuta haijui kwamba ipo. Inamwaga mafuta kulingana na hewa inayoijua, na mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi kuliko mafuta. Injini isipokanyagwa inapandisha na kushusha mizunguko yenyewe, au inamisi. Ukiondoka kwenye taa za barabarani gari linasitasita.

Sasa angalia jinsi uongo unavyopata shahidi. Vakyumu ni kali pale dereva anapogusa mafuta kidogo, na inakaribia kutoweka anapokanyaga mpaka chini. Maana yake mvujo unaumiza chini na hauonekani juu. Dereva anaona gari limelegea kwenye mizunguko ya chini na liko sawa kwenye ya juu, naye anasema: si niliambiwa, injini imekosa mbano wa ekzosi! Dalili aliyoitabiri imetokea, ila chanzo chake ni tundu lenye upana wa kalamu ambalo angeliziba kwa kifuniko cha mpira cha bei ya soda.

Na si nguvu tu. Silinda zikimisi, mafuta yasiyoungua yanakwenda kuungulia ndani ya katalisti. Ferrari wa enzi hizo waliweka sensa za joto la katalisti na taa kwenye dashibodi inayokuamuru upunguze mwendo. Ikiwaka, tii, simama, zima. Katalisti ya gari hili si kitu unachokikuta kwenye kila duka la vipuri. Kumbuka pia kwamba breki nazo zinasaidiwa na vakyumu hiyohiyo. Mvujo mkubwa unaweza kuifanya pedeli iwe ngumu siku usiyoitaka.

Ziba upande wa injini, acha upande wa vali upumue. Wapo wanaoziba ncha zote mbili kwa bidii, halafu wanashangaa vali haifunguki. Ukiziba upande wa vali wakati kopo bado limeshika vakyumu, umeifungia ikiwa imefungwa. Upande huo uachwe wazi, ncha ikitazama chini na mbali na joto, maji na uchafu visiingie. Upande wa injini uzibe kwa kifuniko cha mpira kinachostahimili joto, ukikaze kwa klipu. Wamarekani wa Corvette wana desturi ya kutumia kile kijiti cha kuwekea mpira wa gofu. Kinaziba kweli, ila mtikisiko na joto vina tabia ya kukitoa, nawe hutajua mpaka taa ya injini iwake.

Usichomoe mpira kwa kukisia. Manifoldi ya kuingiza hewa ya 360 nayo ina milango inayobadilisha njia ya hewa kulingana na mizunguko, na mipira yake hufanana na mingine kwa rangi na unene. Ukichomoa usiohusika, sailensa itabaki kimya na torki itapotea kweli. Anza kwenye kopo la vali, ufuate mpira kwa kidole hadi kwenye solenoidi, ukiweka alama ya utepe kila mahali unapopita. Pande zote mbili za sailensa zitendewe sawa.

Usikate waya wa solenoidi. Kompyuta inatarajia kuona mzigo wa umeme kwenye waya ule. Ukiukata inaweza kuandika kosa na kuwasha taa ya injini. Ubaya wa taa inayowaka muda wote ni kwamba siku kosa la maana litakapokuja, hutalitambua.

Fyuzi nayo ichunguze kabla ya kuing'oa. Wenye V8 Vantage wanaijua fyuzi namba 22 kama jina la ndugu yao. Ukiitoa, solenoidi inakosa umeme, vakyumu haifiki, vali zinabaki wazi. Ni njia safi kwa sababu hakuna mpira unaoguswa wala hewa inayovuja. Lakini usiibebe kanuni ya gari moja kuipeleka kwenye jingine. Fyuzi moja huweza kulisha mambo matatu au manne, na jedwali la fyuzi liko kwenye kitabu cha gari. Lisome.

Fanya hivi ukitaka kazi ya kudumu. Solenoidi ya kiwanda iache ilivyo, na waya wake mahali pake. Ongeza solenoidi ya pili kwenye mpira, kati ya ile ya kwanza na vali, inayoendeshwa na swichi yako. Ukiiwasha, inaufunga upande wa injini na kuufungulia upande wa vali hewa ya nje. Kompyuta inaendelea kuiamrisha solenoidi yake bila kujua kwamba umeikatia njia. Weka fyuzi yake yenyewe, waya upite mbali na ekzosi. Siku ya ukaguzi, au usiku ukirudi nyumbani majirani wamelala, unazima swichi na gari linarudi lilivyotoka kiwandani.

Usiufunge mkono wa vali kwa waya wa kufungia. Vakyumu itaendelea kuvuta dhidi ya waya wako mpaka kiwambo cha mpira ndani ya kopo kipasuke, na hapo umejitengenezea mvujo mwingine uliojificha.

Ziache vali zitembee mara kwa mara. Vali iliyokaa wazi miezi mingi huganda kwa masizi na kutu kwenye ekseli yake. Zifungue na kuzifunga angalau kila unapoliosha gari.

Pima, usihisi. Masikio yanadanganya, gari lenye kelele huonekana lina kasi. Kabla ya kugusa chochote, chomeka mashine ya dayagnosi, usome kiasi cha mafuta ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza, injini ikiwa ya moto na haijakanyagwa. Andika. Ukimaliza kazi, soma tena, kisha soma ukiwa umeshikilia mizunguko 2,500. Ikiwa inaongeza mafuta mengi injini isipokanyagwa, na nyongeza inapungua mizunguko ikipanda, una mvujo wa hewa. Usiutafute kwa kupulizia petroli au dawa ya kusafishia breki juu ya injini ya moto. Watu wameunguza magari hivyo. Tafuta gereji yenye mashine ya moshi.

Usijifanye hujui sheria. Vali hizi zipo kwa sababu ya sheria. Katika kipimo cha Ulaya, gari linaingia kwenye eneo la mita 20 likiwa na kilomita 50 kwa saa, dereva anakanyaga mafuta yote, na maikrofoni ziko mita 7.5 kila upande. Wakati wa 360 kikomo kilikuwa desibeli 74. Vali zilizofungwa ndizo zilizolipitisha gari. Uingereza, kanuni za magari za 1986 zinakataza kubadilisha ekzosi ili izidi kelele, na mtaa wa Kensington na Chelsea, London, umeweka kamera za kelele kwa ajili ya magari ya aina hii hasa, mengi yakiletwa na wageni wa Ghuba wakati wa kiangazi. Kwa msomaji aliye Dubai: gari la kelele ni faini ya dirhamu 2,000 na pointi 12 nyeusi kwenye leseni. Kenya ina kanuni zake za kelele tangu 2009.

Na gari lako likitembea vizuri vali zikiwa zimefungwa, kisha likamisi zikiwa wazi, usimkubali fundi anayetaka kukuuzia sailensa mpya. Mwambie aanze na ule mpira.