Kompyuta Isiyowaka Baada ya Kufunguliwa na Kuunganishwa Tena

Miongoni mwa maradhi ya kompyuta ya mezani, linalotia hofu zaidi ni hili: mashine ilikuwa ikifanya kazi, ikafunguliwa ili ipanguswe vumbi, ikaunganishwa tena, na sasa kitufe kikibonyezwa hapana taa, hapana sauti, wala feni haizunguki. Mambo haya si mageni katika mitaa kama Jang'ombe, ambako vumbi la njiani na hewa yenye chumvi ya bahari huwalazimisha wenye mashine kuzifungua. Pengine ni mashine ya duka dogo la kupiga chapa, na ndani yake mna kazi za wanafunzi zinazotakiwa kesho. Fundi mwenye haraka hutamka kwamba bodi kuu, ambayo mafundi huiita mazabodi, imekufa. Hukumu hiyo aghalabu hutolewa mapema mno.

Yafaa ieleweke kwamba mashine iliyokuwa nzima kabla ya kufunguliwa, yamkini ina kasoro mahali palipoguswa na mkono. Hapo ndipo pa kuanzia. Hata hivyo, mwenye mashine aulizwe kwanza kama umeme ulikatika tangu ilipozimwa. Unguja hupata umeme wa Bara kwa waya upitao chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, tangu mwaka 1980. Waya wa pili uliongezwa mwaka 2013. Kati ya miaka hiyo kisiwa kilikaa gizani kwa takriban wiki nne mwaka 2008, na tena kwa takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Umeme urudipo kwa kishindo huweza kuunguza mashine ambayo hakuna aliyeigusa.

Tuanze nje. Soketi ijaribiwe kwa taa, na fyuzi ya plagi itazamwe. Nyuma ya kisanduku cha umeme mna swichi ya kuzimia, ambayo wengi huizima kabla ya kazi kisha wakaisahau. Visanduku vya zamani vina pia swichi ndogo nyekundu ya kuchagua volti 115 au 230. Umeme wetu ni wa volti 230. Kisanduku kilichowekwa kwenye 115 kitapasuka mara kitakapopewa umeme. Mashine za mitumba hazina budi kukaguliwa hapo kabla ya jambo lolote.

Sasa chomoa plagi, bonyeza kitufe kwa sekunde chache ili umeme uliobaki umalizike, ndipo ufungue kasha. Bodi hupokea umeme kwa njia mbili: plagi kubwa, ambayo kwa kawaida ina pini 24, na plagi ndogo ya pini 4 au 8 iliyo karibu na prosesa. Hii ya pili husahauliwa mno. Zote mbili zisukumwe mpaka kibano chake kilie.

Pahala penye udanganyifu mkubwa ni pale nyaya nyembamba za kitufe zinapoingia katika bodi. Pini ni ndogo, maandishi ni madogo zaidi, na nyaya zote zafanana. Waya wa taa ukigeuzwa, taa haiwaki; waya wa kitufe waweza kuingia upande wowote, ila sharti uwe juu ya pini zake mbili zilizotajwa katika kitabu cha bodi. Ukiwa na shaka, rudisha plagi ukutani, kisha zigusishe pini hizo mbili tu kwa ncha ya bisibisi kwa nukta moja. Mashine ikiwaka, bodi ni nzima na kosa limo katika kitufe au waya wake.

Ikiwa feni huzunguka kidogo kisha zikasimama, hiyo ni dalili nyingine kabisa: kisanduku kimehisi umeme unapita njia ya mkato na kimejizima. Tafuta parafujo iliyoanguka chini ya bodi, au kiguu cha shaba kilichowekwa mahali pasipo na tundu. Njia ya hakika ni kuitoa bodi, kuilaza juu ya karatasi ngumu kavu, na kuiwasha ikiwa na prosesa, feni yake na kipande kimoja tu cha memori. Ikiwaka hapo, kasha ndilo lenye lawama. Feni zikizunguka bila picha, meno ya memori yasuguliwe taratibu kwa raba ya kufutia penseli. Unyevu wa masika huyatia ukungu.

Hatimaye, mwenye mita apime waya wa zambarau wa plagi kubwa dhidi ya mweusi. Plagi ikiwa ukutani, pawe na volti 5 hata mashine ikiwa imezimwa. Zisipokuwapo, kisanduku kibadilishwe. Kisifunguliwe, kwani ndani yake mna vihifadhi umeme viwezavyo kubaki na zaidi ya volti 300 baada ya plagi kuchomolewa.