Wosia wa Babu: fumbo la Jumamosi hii

Watoto, mnamjua Sherlock Holmes, lakini je, Bwana Msa? Huyu ni mvuta kiko wa Unguja aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla. Kitabu chake cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilichapishwa mwaka 1960. Bwana Msa si polisi. Hutazama, husikiliza, kisha huuliza lile ambalo wengine wamelipita. Leo kishikeni kiko chake (bila moshi, tafadhali!).

Maneno kwanza. Marehemu ni aliyefariki. Mali aliyoiacha ni mirathi, na wanaoipata ni warithi. Wosia ni maagizo aliyoyaacha kabla ya kufa. Tunasema "amerithi nyumba", aliyepewa "amerithishwa".

Sasa fumbo, la kubuni. Babu amefariki Tanga. Ameacha nyumba moja na watoto wawili tu, wa kiume na wa kike. Kwa mirathi ya Kiislamu, kaka hupata mafungu mawili na dada fungu moja. Siku ya arubaini, kaka akatoa karatasi sandukuni:

"Tanga, 2 Machi 1964. Mimi, mkazi wa Tanga, Tanzania, namwachia nyumba yangu mwanangu wa kiume peke yake."

Wazee wakatikisa vichwa. Dada, aliyemuuguza baba yake miaka mitatu katika nyumba hiyohiyo, akaanza kufunga nguo zake. Binti yake mdogo akaomba kuiona karatasi.

"Mjomba, naomba kuuliza. Babu aliandika haya lini?"

"Tarehe si hiyo hapo? Nilikuwapo siku hiyo, namwona kwa macho yangu akiandika."

Hapo mjomba akawa amejifunga mwenyewe. Someni tena karatasi kabla ya kuendelea.

Mmeona? Tanganyika na Zanzibar ziliungana 26 Aprili 1964, na jina Tanzania lilianza kutumika Oktoba mwaka huo. Mwezi Machi, Tanga ilikuwa Tanganyika, na neno Tanzania halijakuwapo. Babu angelijuaje?

Kazi ya nyumbani: andikeni sentensi sita, mjomba alijibu nini na mama alifanya nini na zile nguo. Tumieni mrithi, wosia na marehemu.

Na swali gumu zaidi: hata kama karatasi ingekuwa ya kweli, lipo kosa jingine ndani yake ambalo shekhe yeyote angeliona mara moja. Ni lipi? Wazazi mnaojua mirathi, nyamazeni mpaka Jumamosi.