Kichanja cha Miti cha Kuanikia Kahawa

Wakulima wa Iyula na nchi yote ya Mbozi wajua vema jinsi kazi ya kahawa ilivyo ndefu. Mtu hupalilia, hupogoa, kisha huchuma tunda moja moja lililoiva. Lakini baada ya taabu hiyo ya mwaka mzima, kahawa nyingi huharibika katika majuma mawili ya mwisho, nayo ni ile iliyoanikwa chini. Kahawa huvuta harufu upesi. Ikilala juu ya udongo hunuka udongo. Tena kuku huipitia, na unyevu wa ardhi huipanda. Waonjaji hawaoni jasho la mkulima, huona kikombe tu, na bei hushuka.

Dawa yake ni kichanja, na kila awezaye kushika shoka na nyundo aweza kukijenga mwenyewe. Huko Ulaya wako watu wajengao nyumbani vichanja vya mbao vya kulazia chupa za divai gizani, ili kizibo kisikauke. Sisi twataka kinyume chake: jua na upepo, punje zote zikauke sawasawa.

Kwanza chagua mahali palipo wazi, mbali na moshi wa jiko, vumbi la njia na zizi la ng'ombe. Tuseme kichanja chako kina urefu wa futi 20 na upana wa futi 4. Upana usizidi hapo, maana mtu asimamaye kando yampasa kufika katikati kwa mkono wake.

Tafuta nguzo 10 za mkaratusi zilizonyooka, kila moja futi 5. Ncha itakayoingia ardhini ichome motoni hata iwe nyeusi kwa nje, kwa sababu ya mchwa. Wako wapakao oili chafu ya gari. Kwa nguzo za ua si neno, bali kwa kichanja cha kahawa usithubutu, maana harufu yake itaingia katika kahawa. Panda nguzo 5 kila upande, kina cha futi 2, na kati ya nguzo na nguzo futi 5. Hivyo kimo kitabaki futi 3, nawe hutainama.

Kisha vuta kamba toka nguzo ya kwanza hata ya mwisho, ukate vichwa vyote sawa. Wengi huipuuza kazi hii, na kichanja chao huwa na bonde katikati. Kahawa mbichi hulundikana humo ikachacha. Juu ya nguzo pigilia miti mirefu, mmoja kila upande. Ukikosa mti wa futi 20, unganisha miwili, lakini kiungo na kikae juu ya kichwa cha nguzo, si hewani. Halafu kingamisha miti 9, kila baada ya futi 2 na nusu, maana kahawa iliyotoka kuoshwa ni nzito mno. Juu yake laza fito au mianzi iliyopasuliwa, ikiachana upana wa kiganja, na juu ya fito tandika wavu wa chuma wenye matundu madogo kuliko punje. Asiye na fedha ya wavu atumie mkeka wa matete. Kingoni pigilia mbao za inchi 3 ili punje zisimwagike. Mbao inukayo utomvu haifai.

Siku ya kwanza tandaza kahawa nyembamba, unene wa inchi moja hivi, na uigeuze mara kwa mara. Huo ndio wakati wa kuchagua, maana punje mbovu huonekana wazi zikiwa mbichi. Maji ya nje yakikwisha kukauka, ifunike saa za jua kali la mchana, kwani ganda likipasuka punje huharibika rangi. Jioni ikusanye katikati uifunike tena. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya Mbozi ni kali, na umande wa usiku mmoja waweza kuharibu kazi ya siku mbili.

Kahawa huwa tayari unyevu unapobaki sehemu 11 hivi katika 100. Asiye na mashine ya kupimia aondoe ganda na kuuma punje: jino likizama, bado, likiacha alama ndogo tu, na rangi ikiwa ya kijani chenye samawati, yatosha. Usiiache ikauke kupita kiasi, maana huvunjika wakati wa kukobolewa. Mwenye swali aulize kwa afisa kilimo, au katika kituo cha utafiti wa kahawa cha Mbimba, kilichomo humo humo Mbozi.

Mavuno yakiisha, osha wavu, uukaushe, uukunje na kuutundika darini kabla ya mvua za Novemba. Nguzo ziache mahali pake, na fito zilizooza zibadilishwe mwezi wa Aprili, kahawa ya kwanza isijakuiva.