Nazi Haijulikani Mpaka Ivunjwe: Darsa ya Khiyari ya Ila

Katika darsa zetu za baada ya Magharibi tulikuwa tumefika katika mlango wa khiyari, nao ni mlango ambao wanafunzi wengi huusoma wakisinzia, kwa kuwa mifano yake ni ya ngamia na mbuzi, na sisi ni watu wa mjini. Tukiwa hapo ikatujia barua kutoka Busia, na usingizi ukaisha.

Aliyeiandika ni kijana wetu, mzaliwa wa huku pwani, aliyekwenda kutafuta riziki katika mpaka wa Kenya na Uganda. Wasiofika huko na wajue kwamba Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili: upande huu Busia ya Kenya, upande wa pili Busia ya Uganda, na watu ni wale wale, Waluhya na Wateso, wenye jamaa kote kuwili. Hata neno bodaboda asili yake ni huko mpakani, katika baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo baina ya vituo viwili vya forodha. Siku hizi forodha zimewekwa pamoja, na kituo cha Busia kilifunguliwa rasmi na marais wawili mwezi wa Februari 2018. Malaba iko kaskazini yake kidogo, nako ndiko yapitako malori mengi yatokayo bandari ya Mombasa.

Kijana huyu huuza vitenge kwa simu. Hupiga picha, huzipeleka katika kikundi cha WhatsApp, na mwenye kutaka hulipa kwa M-Pesa, kisha mzigo hutiwa basini. Bibi mmoja wa Mombasa aliona picha 6, na chini ya kila picha pameandikwa bei yake, shilingi 1,500, na maneno haya: waksi halisi ya Uholanzi, haichuji. Akajibu chini ya kila moja kuwa ameichukua. Akalipa shilingi 9,000.

Mzigo ulifika siku ya Ijumaa. Bibi akampa fundi pisi moja siku ile ile, naye akaikata. Jumamosi akaitia majini pisi ya pili, kama wafanyavyo wanawake wengi kabla ya kushona, na maji yakageuka rangi ya buluu. Jioni hiyo hiyo akapeleka picha ya beseni na kutaka fedha zake. Kijana wetu akanyamaza siku 4. Siku ya 5 akajibu kwa mstari mmoja, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, na kwamba nguo iliyokwisha kukatwa na kutiwa maji si nguo aliyoiuza yeye. Bibi akaghadhibika. Akawaarifu watu wa kampuni ya simu kwamba alizipeleka fedha zile kwa kukosea nambari, na shilingi 3,200 zilizokuwa bado zimo katika simu ya kijana zikazuiwa. Kisha akaandika katika vikundi vitatu kwamba fulani ni mwizi, akatia na jina lake na picha yake.

“Masheikh wangu,” anatuandikia, “wateja wamenikimbia. Mtaji wangu wote ni shilingi 40,000, na nusu yake ni ya mama yangu. Nikirudisha fedha nitakuwa nimekiri wizi. Nisiporudisha nachelea dhulma. Nifanye nini?”

Twasema, na tawfiki ni ya Mwenyezi Mungu.

La kwanza ni lile neno la kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Neno hili limebandikwa katika maduka mengi, na wenye kulibandika hudhani kuwa ni ngao. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, muuzaji akishurutisha kwamba yeye hana dhima ya ila yoyote, sharti hilo halimkingi, ila kwa mnyama, na kwa ila ya ndani ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua. Sababu yake ni wazi, kwani mnyama hula na hunywa na huugua, na maradhi yake hufichikana hata kwa mwenyewe. Kitenge hakiugui. Basi neno hilo lafaa kumzuia mtu aliyebadili nia tu, aliyeipenda nguo jana na leo haipendi, wala halimzuii mwenye kupata ila. Nalo si jambo la vitabu tu. Sote twaijua hadithi ya Mtume (S.A.W.) alipotia mkono wake ndani ya chungu ya nafaka sokoni, vidole vyake vikakuta majimaji. Mwenye mali akatoa udhuru wa mvua. Udhuru huo haukumfaa, kwa kuwa angeweza kuiweka juu ile iliyorowa, watu wakaiona.

La pili ni maneno yale ya waksi ya Uholanzi. Tulimuuliza kijana: umejuaje? Akasema ndivyo alivyoambiwa na aliyemuuzia kwa jumla, ng'ambo ya pili ya mpaka. Hapa hatuna budi tuseme naye kwa ukali kidogo. Waksi ya Uholanzi inajulikana. Nyumba ya Vlisco katika mji wa Helmond imekuwa ikiifanya tangu 1846, na jina lake huchapwa katika ukingo wa nguo. Waksi ya kweli hutiwa rangi kuwili, hata ukiigeuza hutambui upesi upande upi ni wa nje. Pisi moja ya yadi 6 huuzwa kwa bei iliyo mara kadhaa ya hiyo shilingi 1,500. Mfanyabiashara wa nguo asiyeyajua haya amekaa katika kazi asiyoisoma. Yawezekana kuwa hakukusudia uwongo, na sisi twamdhania kheri, lakini kutokusudia humwondolea dhambi ya hila, hakumwondolei dhamana. Mnunuzi alinunua kitu chenye sifa mbili zilizoandikwa, akapata kisichokuwa na hata moja. Na mtu asiseme kwamba bei yenyewe ilikuwa yamnong'oneza Bibi. Huenda ilikuwa yamnong'oneza, lakini sharti lililoandikwa halifutwi na urahisi wa bei.

Watauliza wanafunzi wetu: je, bei yenyewe ilisihi, hali mnunuzi hakuiona mali ila katika picha? Katika kauli yenye nguvu kwa Mashafii, kitu maalumu kisichoonwa na wenye kuuziana hakiuziki, na picha si kitu chenyewe. Mahanafi wameijuzisha, wakampa mnunuzi khiyari akiona. Sisi hatumfungi mtu kwa kauli ya mwanachuoni mmoja iwapo mwengine ana dalili na watu wana haja, na wala hatuoni kwamba biashara zote za simu ni batili. Lakini jueni kuwa aliyeibatilisha na aliyeisahihisha wote wawili hapa wampa mnunuzi njia ya kurudi. Hakuna kauli hata moja inayomwacha Bibi na nguo yenye kuchuja mikononi.

Sasa tufike penye uzito, nako ni kule kukata na kutia maji. Kijana amezitia pamoja, nazo hukumu zake ni mbali mbali.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), katika kitabu chake Minhaj ambacho masheikh wa pwani wamekisomesha miaka mingi, ametaja mnunuzi aliyepata ila ambayo haijulikani ila kwa kukiharibu kitu kidogo. Akatoa mifano mitatu: yai, tikiti, na nazi. Ndiyo, nazi yetu hii. Mtu akinunua nazi akaivunja akaikuta mbovu, muuzaji hawezi kumwambia kwamba amemletea nazi iliyovunjwa, kwa sababu ubovu wa nazi haujulikani mpaka ivunjwe. Huirudisha, wala halipi kitu kwa kule kuivunja, katika kauli iliyo dhahiri zaidi. Basi na kitenge ni hivyo. Kuchuja hakujulikani kwa macho, hujulikana kwa maji. Bibi aliitia majini kama ada ilivyo, hakuichemsha wala hakuitia dawa. Pisi hiyo ni nazi iliyovunjwa, na hurudi kwa bei yake yote.

Ile iliyokatwa na fundi siyo hiyo. Mkasi haukuhitajika ili ila ijulikane, na mkato ni upungufu mpya uliopatikana katika mkono wa mnunuzi. Hawezi tena kumlazimisha muuzaji aipokee. Lakini haki yake haipotei, kwani aliikata kabla ya kujua. Ikiwa muuzaji hakuridhia kuipokea kama ilivyo, humpa fidia ya upungufu, nayo hupimwa kwa kulinganisha thamani ya kitu kizima na thamani yake pamoja na ila, kisha fungu hilo hutolewa katika bei waliyouziana. Tuliwauliza watu wawili wenye maduka ya nguo, wasiowajua hawa wala wale. Wakasema kitenge cha namna hiyo kisichochuja ni shilingi 1,500, na chenye kuchuja ni 1,000. Upungufu ni thuluthi, basi fidia ni shilingi 500.

Zimebaki 4 ambazo hazikuguswa. Lau zote 6 ziliuzwa kwa mkupuo mmoja na bei moja, tungekuwa na mashaka, kwa kuwa mwenye kununua vitu viwili kwa mkataba mmoja hana ruhusa ya kurudisha kimoja na kushika kimoja bila ya ridhaa ya muuzaji. Lakini hapa kila pisi ilitajwa peke yake na bei yake peke yake, na kila moja ikakubaliwa peke yake. Hizo ni biashara 6, si biashara moja. Kwa hiyo 4 hurudi, shilingi 6,000, na ile ya maji 1,500, na fidia 500. Jumla ni shilingi 8,000.

Na Bibi hakuchelewa. Sharti ya kurudisha kwa ila ni kufanya hima, na mwenye kuitumia mali baada ya kujua ila yake ameiridhia. Yeye alisema jioni ile ile, na nguo 4 zi katika karatasi zake. Aliyechelewa ni kijana wetu. Zile siku 4 za kunyamaza ndizo zilizoligeuza shauri la beseni la maji kuwa shauri la wizi.

Lakini Bibi naye tulimwandikia, kwani haki haina upande. Kusema kwamba alikosea nambari ni uwongo. Wako wanaoshika hadithi ya Hind bint Utba, ambaye Mtume (S.A.W.) alimruhusu achukue katika mali ya mumewe Abu Sufyan kiasi cha kumtosha kwa wema. Hadithi ni sahihi, lakini haki ya Hind ilikuwa imethubutu, na hii ya Bibi ilikuwa bado yabishaniwa. Hind hakumdanganya mtu wa tatu ili aipate, na wala hakuwa ameshika bidhaa kwa mkono mmoja na thamani yake kwa mkono wa pili. Bibi zile 3,200 zilipozuiwa alikuwa angali na nguo zote 6. Ama kumwandika mtu kuwa ni mwizi katika vikundi vitatu, aliyedhulumiwa ana ruhusa kumshitakia mwenye uwezo wa kumwondolea dhulma yake, na wale mia mbili waliosoma hawakuwa na uwezo wowote ila wa kucheka.

Waliuliza wote wawili kama waende kwa Kadhi. Kadhi wa Kenya, kwa Katiba ya 2010, kifungu cha 170, huhukumu mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa naye. Biashara haimo. Mlango wa serikali kwa jambo kama hili ni mahakama ya madai madogo iliyowekwa kwa sheria ya 2016, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na yatakiwa imalize kwa siku 60, wala mtu hahitaji wakili. Iko pia sheria ya kumlinda mnunuzi ya 2012, ambayo imetaja mikataba ya intaneti waziwazi, na ikamlazimisha muuzaji kumweleza mnunuzi mambo yote ya bidhaa kabla hajafunga mkataba. Kijana wetu ana bahati kwamba yu upande wa Kenya. Angekuwa hatua mia mbele, Bibi angelazimika kushitaki katika nchi nyingine kwa ajili ya shilingi 9,000, na nani angefanya hivyo? Wauzaji wa mpakani wanaijua siri hii, na wako wanaoitumia.

Hawakwenda mahakamani. Bibi alizikabidhi pisi 5 kwa ndugu mmoja wa darsa letu aliyeko Mombasa, akazihesabu na kuziandikia, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana alikubali zile 3,200 zirudi kwake Bibi, akatuma 4,800 zilizobaki. Nauli ya kurudisha mzigo hawakuwa wameitaja tangu mwanzo, wakaigawa nusu kwa nusu kwa sulhu. Bibi aliandika katika vikundi vyote vitatu kwamba fulani si mwizi na kwamba wamemalizana. Kikundi kimoja kilikwisha kumtoa, akaomba kurudishwa ili aandike.

Kijana ametuuliza swali la mwisho: yule aliyemuuzia kwa jumla ng'ambo, je, naye amrudishie? Tumemjibu kwamba hukumu ni ile ile, akimfikia. Amekwenda mara mbili, na kibanda kimefungwa.

Juma lijalo, inshallah, tutasoma mlango wa salamu, yaani kuuza kitu kwa sifa zake hali bado hakijapatikana. Wenye kuuza kwa simu na waje na simu zao, tuyasome pamoja maneno wanayoyaandika chini ya picha.