Elimu kwa Wakulima: Kumtambua Nondo Mdogo wa Mpunga

Wakulima wa mpunga na mahindi wa Unguja na Pemba wanafahamishwa kuwa miongoni mwa waharibifu wa nafaka yumo nondo mdogo ambaye wataalamu humwita Sitotroga cerealella. Wengi humwona akiruka karibu na magunia nyakati za jioni wakampuuza, kwa kuwa hali kitu. Ni kweli nondo mwenyewe hali nafaka. Alaye ni kiwavi wake, naye haonekani.

Nondo huyu ana rangi ya mabua makavu, na akitandaza mbawa upana wake hauzidi milimita 18. Dalili ya yakini ni bawa la nyuma: ncha yake imechongoka kama kidole na ukingo wake una matamvua ya nywele ndefu. Asichanganywe na fukusi, mdudu mgumu mwenye mdomo mrefu, wala na nondo wa mchele na unga, ambao viwavi wao hufuma utando unaogandisha punje.

Makazi yake ni ndani ya punje. Jike hutaga mayai meupe ambayo baadaye huwa mekundu. Kiwavi aanguliwapo hutoboa tundu dogo mno, akaingia, na hatoki tena mpaka awe nondo. Hula kiini chote, na kabla ya kugeuka pupa huacha ngozi nyembamba ya punje mfano wa dirisha, ndiyo atakayoisukuma siku ya kutoka. Penye joto la nyuzi 30 hivi, mzunguko huu huchukua yapata wiki tano. Basi kati ya mavuno na kupanda, vizazi kadhaa hupita.

Ifahamike kuwa uharibifu huanzia shambani, katika masuke yaliyokomaa yakachelewa kuvunwa. Nondo hawezi kupenya ndani ya lundo la punje zilizopurwa, bali hushambulia tabaka la juu tu. Masuke yasiyopurwa humpa njia kila upande. Kwa hiyo mpunga uvunwe kwa wakati, upurwe, uanikwe hadi ukauke barabara, na wa mbegu utiwe katika pipa lisilopitisha hewa.

Mbegu iliyoliwa hubaki na umbo lake, lakini haioti. Kabla ya kupanda, mbegu zitiwe ndani ya ndoo ya maji, na chache kati ya zinazoelea zipasuliwe. Pepe la kawaida huwa tupu. Punje iliyoliwa huwa na kiwavi, ganda la pupa au vumbi la kinyesi. Punje za namna hiyo zipelekwe kwa bwana shamba au bibi shamba katika chupa yenye kifuniko, ili nondo wasitoke njiani.